Mwalimu na Mbuzi wa Kiapo

Kila mkutano wa pale kwetu Wamagana ulikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulikuwa yeye. Mwenyekiti akishafika kwenye A.O.B., yaani mengineyo, watu wakiwa wameanza kutafuta kofia na miavuli chini ya viti, Mwalimu wa Jiografia alikuwa akisimama, anashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, na kusema kwa sauti ileile ya darasani, "Niko na jambo moja ndogo ya mabomu."

Haikujalisha mkutano ni wa nini. Uwe wa chama cha kahawa, wa maji ya bomba au wa kamati ya mazishi, jambo lake lilikuwa hilohilo. Hakuwa akisema mabomu ya kurushwa kwa mkono. Alikuwa akisema silaha za nyuklia, zile ambazo mataifa makubwa yamezificha chini ya ardhi na chini ya bahari, kila moja likimwonyesha mwenzake kidole na kusema, wewe jaribu tu. Sisi tulitaka kujua malipo ya kahawa yanatoka lini. Yeye alitaka sisi wakulima wa huku Tetu tupitishe azimio kwamba hakuna binadamu mwenye ruhusa ya kumiliki silaha ya namna hiyo, hata ikiwa ni ya kutisha tu.

Azimio lilipita mara moja tu, siku ambayo mvua ilikuwa imeanza kuangusha matone mazito juu ya mabati. "Nani ana-second?" mwenyekiti akauliza, macho yake yakiwa mlangoni. Fundi wa viatu akainua mkono, tukacheka, tukakimbilia nyumbani. Mwaka uliofuata akasimama tena, safari hii akiuliza azimio letu limefika wapi.

"Mwalimu," mwenyekiti akamwambia kwa upole, "hiyo ilikuwa tu ya kukufurahisha."

"Ati kunifurahisha? Mimi nilifikiria mnaogopa kuungua, kama mimi."

Kwenye mkutano wa kwanza baada ya kumzika, mwenyekiti alitamka A.O.B. na sisi watu wazima wote tukageuka kutazama kiti cha pili kutoka dirishani. Hakukuwa na mtu. Tuliomba, tukatawanyika, na moyoni sikupenda urahisi tuliotawanyika nao.

Alikuwa jirani yetu, ng'ambo ya kijito, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wangu katika shule ya kutwa. Alikuwa mwanamke mfupi, wa gambuti na sweta mwaka mzima, mwenye mwavuli ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mvua ikinyesha aliupachika kwapani na kutembea polepole kana kwamba hiyo mvua ni ya watu wengine. Alitufundisha mito, mawe na upepo, na kwa mambo hayo hakuwa na mzaha. Ukisema Mlima Kenya ni mrefu, alikuuliza mrefu kuliko nini.

Somo ambalo hakuna mwanafunzi wake amelisahau halikuwa kwenye silabasi. Alitundika ramani ya nchi yetu ya milimani, akachukua kompasi kubwa ya mbao ya hesabu, akachomeka ncha yake katikati ya mji wa Nyeri na kuchora duara dogo, kisha kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi. Halafu akasoma majina ya vijiji vilivyoangukia ndani, vile ambavyo bomu moja lingeviunguza, na kila aliyesikia kwao akatakiwa kusimama. Mwishowe karibu darasa zima lilikuwa limesimama. Alituacha hivyo bila kusema kitu, mpaka miguu ikaanza kuchoka na watu wakaacha kusukumana.

"Kaeni. Hakuna kosa mmefanya," akasema. "Ndiyo nilitaka mjue hiyo kwanza. Hakuna kosa mmefanya."

Msichana mmoja akauliza ni nani anataka kulipua Nyeri.

"Hakuna. Lakini kuna mji mahali fulani umeshachorewa duara kama hii, na aliyechora ni mtu ameajiriwa, anaenda lunch, anarudi, anachora ingine. Watoto wa huo mji pia wako na Jiografia leo asubuhi."

Kulikuwa na mvulana wa Kangari, aliyeletwa kukaa na shangazi yake huku kwetu. Yeye peke yake hakuwa amesimama na alikuwa akitabasamu, kwa sababu Kangari ilikuwa nje ya duara. Mwalimu alimwona. Akamwambia aje mbele, akampa chaki, na kumwomba achore upepo unavuma kuelekea wapi. Akamwonyesha moshi ukipanda na kukaa juu, jua likififia, majani ya chai ya Kangari yakikauka na baridi, nyanya za Kagio zikikataa kuiva, na watu walio hai wakitazamana juu ya sufuria tupu. Mvulana alirudi kwenye kiti chake akiwa na chaki bado mkononi. Niliota ndoto mbaya kwa muda mrefu, na mama yangu alitaka kwenda kumlalamikia mwalimu mkuu.

Nisije nikamfanya malaika. Alituchapa. Huyu aliyesema hakuna mtu ana haki ya kutisha mwenzake kwa maumivu alikuwa na fimbo ya mkuyu, na alijua kuitumia. Nilipomkumbusha jambo hilo nikiwa mtu mzima, alisema, "Ndiyo. Na haikusaidia hata mmoja wenu kujua mito." Tena alikuwa hasemi na wifi yake kwa sababu ya mti wa avokado ambao matawi yake yalivuka ua. Walikutana kanisani kila Jumapili na kila mmoja alipitia mlango wake. Baba yangu alipenda sana kuitaja habari hiyo. "Aanze kufanya amani na wifi yake," alisema, "halafu aende kwa hao wengine wa mabomu."

Na kulikuwa na jambo la ndege. Ndege za jeshi zinazotokea upande wa Nanyuki zikipita juu ya mashamba yetu kwa kishindo, kuku hutawanyika na mbwa hujificha. Yeye alitoka nje mbio na kupunga mkono. Tulimcheka. Siku moja nilikuwa kwake nikimchanja ng'ombe, ndege ikapita, akapunga, nami nikamwuliza anawapungia nini watu wa vita.

"Ni vijana wa watu," akasema. "Nataka yule wa juu aone kuna mtu huku chini."

Kisha, kwa sababu tulikuwa peke yetu, aliniambia kile ambacho hakuwahi kukisema mkutanoni. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya serikali ya mkoloni, alikuwa mtoto mdogo, na ndege zilikuwa zikipita hivyohivyo kwenda kuangusha mabomu msituni Nyandarua, walikokuwa wapiganaji wetu. Wao watoto waliyasikia kutoka mbali, kwa miguu zaidi kuliko kwa masikio. Kilichomkaa rohoni si sauti. Ni wanyama. Walitoka msituni mchana kweupe, nyati na swara na nguruwe, wakaja wakasimama katikati ya mashamba ya watu bila kukimbia. Nyati mmoja alisimama karibu na nyumba yao huku damu ikimtoka masikioni, na hakugeuka hata mama yake Mwalimu alipogonga debe tupu. Alikuwa hasikii tena. "Hiyo nyati haikuwa na ugomvi na mtu yeyote," Mwalimu akaniambia, akashika ndoo yake ya maziwa na kuingia ndani. Nilibaki zizini na sindano mkononi.

Sasa nieleze habari ya kwetu, maana bila hiyo nisingekuwa na sababu ya kuandika juu yake.

Baba yangu na ndugu yake mdogo walirithi shamba moja lililogawanywa na babu kwa mstari wa matoka, yale maua yenye majani mapana ambayo kwetu hupandwa mpakani. Itoka halina bei na halina kazi nyingine, lakini kuling'oa ni kujitafutia laana, na kila mtoto anajua hivyo kabla ya kujua kusoma. Msimu mmoja wa mvua nyingi mno, upande wa chini karibu na kijito, matoka yalionekana yamesogea. Baba alisema ndugu yake ameyahamisha. Baba mdogo alisema ni baba. Mwalimu alivuka kijito na gambuti zake, akachimbachimba na mwavuli, akawaita wote wawili na kuwaonyesha jinsi udongo wenyewe ulivyoteleza, matoka na vyote, kwa sababu mteremko ule ulikuwa umelimwa mpaka chini kabisa. Hakuna aliyeugusa mpaka, aliwaambia. Ni shamba limetembea.

Wote wawili walimkasirikia. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana mwaka ule. Mtu wa kwetu anaweza kukubali kwamba ndugu yake ni mwizi, lakini si kwamba shamba la baba yake linaweza kuhama lenyewe.

Basi baba akaweka seng'enge. Baba mdogo akaleta mbwa mkali. Baba akaleta wawili. Upande wa pili ukaota ukuta wa mawe, na wetu ukaota ukuta mrefu zaidi, juu yake chupa zilizovunjwa. Wazee wa kanisa walikuja wakanywa chai kila upande wakaenda zao. Mwishowe baba mdogo alilitamka neno ambalo likishatamkwa ni vigumu kulirudisha mdomoni. Alisema twendeni tupige thenge.

Thenge ni beberu. Katika kiapo hicho huletwa beberu wa rangi moja asiye na kilema, na wanaogombana humvunja mifupa kwa rungu, mfupa mmoja baada ya mwingine, akiwa hai, kila mmoja akisema: kama nasema uwongo, mimi na nyumba yangu tuvunjwe hivi. Nyama yake hailiwi na mtu. Hata mbwa hufukuzwa. Na laana yake haimkamati mwongo peke yake. Inashuka kwa watoto, kwa wajukuu, kwa wale ambao hawajazaliwa, mpaka nyumba inabaki jina tu. Kanisa linakataza, watu wanaogopa, na bado kila kijiji kina nyumba ambayo husemwa kwa sauti ya chini kwamba waliwahi kupiga thenge.

Baba alikubali siku hiyohiyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikubali kwa sababu alikuwa na hakika ndugu yake ataogopa na kujiondoa. Na ndugu yake alikuwa amelitamka kwa hakika hiyohiyo. Hakuna hata mmoja aliyetaka beberu apigwe. Wote wawili walifika asubuhi.

Nami nilifika, nikasimama nyuma ya baba, kwa kuwa mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nyumbani nilikuwa nimemwacha binti yangu Wambui, aliyezaliwa karibuni, macho yake hata hayajajua kutulia juu ya kitu. Wazee walikuwa wamekaa kwenye kiwanja kisicholimwa kando ya barabara. Beberu mweusi alikuwa amefungwa kwenye mti, akila majani. Baba alikuwa ameficha mikono yake ndani ya koti.

Ndipo Mwalimu akatokea na mwavuli wake.

"Mwalimu," mzee mmoja akamwambia, "hapa hakuingii wanawake."

"Najua. Sijaingia. Niko kwa barabara, na barabara ni ya county." Alisimama palepale ukingoni. "Niko na swali tu. Hiyo kiapo ikishika, inashika nani?"

"Inashika mwenye amedanganya."

"Yeye peke yake?"

Mzee alitazama chini. "Na watoto yake. Na watoto ya hao watoto."

"Na yule hajazaliwa?"

"Hata huyo."

"Huyo amedanganya nani?"

Akamgeukia baba yangu, kisha baba mdogo, akawaita kwa majina yao ya ubatizo kama watoto wa darasani. "Nyinyi mmegombania nyasi. Sawa, gombaneni. Pelekaneni kotini, piganeni hata ngumi, mimi nitawafunga vidonda. Lakini hakuna nyasi ya kuulia mtoto ambaye hata hajui nyasi ni nini. Hiyo si kushinda kesi. Hata mwenye ukweli akishika hiyo rungu, ameshakuwa mtu mbaya."

Wazee waliinamiana wakanong'ona. Mkubwa wao akatoa uamuzi ambao kila mtu aliusifu. Beberu asipigwe leo. Afungwe, alishwe, awe tayari, na siku yoyote mmoja akivuka mpaka, kiapo kiendelee. Hivyo kila mmoja atamwogopa mwenzake na kutakuwa na amani. Baba alishusha pumzi, nami nilitaka kumkumbatia yule mzee. Mwalimu peke yake hakufurahi. "Mmemwacha hai ili aendelee kuwatisha," alisema, na kwenda zake, nami nikamwona ni mtu asiyejua kushukuru.

Beberu angekaa kwa nani? Baba alisema kwetu, maana kwa ndugu yake angelishwa sumu ili kiapo kiharibike. Baba mdogo akasema, kama ni hivyo, mimi nitanunua wangu. Wakawa mabeberu wawili, mmoja kila upande wa ukuta. Wetu mweusi, wao mwekundu. Mwekundu alikuwa mkubwa kidogo, kwa hiyo baba akauza wetu akanunua mwingine mkubwa zaidi, na kabla ya msimu kuisha ng'ambo ya ukuta nao wakabadilisha, wakaleta mwekundu mwingine. Nina duka la dawa za mifugo pale Wamagana, na nitasema ukweli, nilifanya biashara. Chumvi ya kulamba, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, za kwetu na za ng'ambo. Baba mdogo hakuwa akisema nami barabarani, lakini mwanawe, binamu yangu, alitumwa dukani, nami nilimfungia dawa kwenye gazeti na kumweleza kipimo vizuri.

Mwalimu alituona siku moja akiwa amekuja kununua dawa ya ng'ombe. Alingoja binamu aondoke. "Wewe sasa umefika kule kwa hao wakubwa wa mabomu," akaniambia. "Unauzia pande zote mbili."

"Mwalimu, lakini si kuko na amani? Tangu hizo mbuzi zifungwe hakuna panga imeinuliwa."

"Hakuna," akakubali, akahesabu sarafu zake na kutoka.

Niliishi na jibu hilo vizuri tu mpaka Jumapili moja mchana. Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula. Ng'ambo, beberu mwekundu akalia. Hakuwa akilia kama mbuzi mwenye njaa. Alilia kama anayevunjwa. Baba aliacha sahani ikaanguka, akachukua rungu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango tangu siku ile, na kukimbilia kwa beberu wetu. Ilimjia kwamba wameanza, na akitaka kuokoa nyumba yake ni lazima na yeye apige sasa hivi, kabla ya wao kumaliza maneno. Rungu lilikuwa tayari juu. Mama alimning'inia mkononi kwa uzito wake wote.

Mimi nilisikiliza. Najua sauti za mbuzi, ndiyo kazi yangu. Nilichukua dawa ya gesi, nikaruka ukuta, chupa zikanikata kiganja, na nikamkuta baba mdogo amepiga magoti, beberu amevimba tumbo ubavu wa kushoto, na yeye mwenyewe akilia machozi. Walikuwa wamemlisha majani mabichi yenye umande. Nikamnywesha beberu wa adui zetu dawa, nikamkanda tumbo mpaka gesi ikatoka, nikarudi nyumbani kupitia langoni. Baba alikuwa amekaa chini, rungu mapajani.

Nilimwendea Mwalimu kumweleza, kiganja changu kikiwa na bandeji, na nadhani nilitaka anisifu.

"Na kama ungekuwa umeenda Karatina hiyo Jumapili?" akauliza. Kisha akainua mkono kuelekea redio yake. "Hao wengine wa mabomu pia wako na zao zinavimba tumbo. Mpaka leo kila mara kumekuwa na mtu yuko nyumbani wa kusikiliza vizuri. Ndiyo maana uko hapa unakunywa chai."

Baba alifariki bila kusema na ndugu yake, na ndugu yake akamfuata kabla mwaka haujageuka. Nilifikiri mambo yameishia hapo. Lakini kwenye kikao cha familia, baada ya kugawana vitu, wazee wa ukoo walinikabidhi kamba ya beberu kama wanavyokabidhi ufunguo wa stoo, na ng'ambo binamu yangu akakabidhiwa yake. Hakuna aliyeuliza tunazishikia nini. Kwangu Wambui ndiye aliyempelekea majani kila asubuhi. Alikuwa ameanza shule, ana meno mawili ya mbele yameng'oka, na alimpenda yule mnyama.

Siku moja nilikuwa nikipogoa kahawa karibu na ukuta, nikamsikia akiongea kupitia tundu la ukuta na mtoto wa binamu yangu, msichana wa umri wake. Walikuwa wakipitishiana kitu, matunda nadhani.

"Mbuzi yetu ni kubwa," Wambui akasema. "Siku moja itawamaliza nyinyi wote."

"Na yetu itawamaliza nyinyi," mwenzake akajibu, bila hasira yoyote.

Wakaendelea kula. Niliweka makasi chini nikavuka kijito kwenda kwa Mwalimu bila hata kunawa.

Mwalimu wakati huo alikuwa karibu haoni. Alikaa karibu na jiko la makaa amejifunika shuka, redio ikisema habari za mataifa yaliyokuwa yakitishiana tena, kila moja likijigamba kwa makombora mapya. Alinitambua kwa hatua. Nilimweleza nilichosikia ukutani, kila neno.

Alizima redio. "Baba Wambui, nikuulize. Binamu yako akivuka mpaka kesho, utapiga hiyo mbuzi?"

"Hapana, Mwalimu. Siwezi. Hako kamsichana kake kanaweza kuwa kangu."

"Yeye anajua huwezi?"

"Hajui."

"Kwa hivyo kila siku ukiamka unamwambia utaua huyo mtoto wake. Na yeye anakuamini. Na wako amekusikia, ameona ni kitu mtu anaweza sema huku akikula matunda." Alitafuta mkono wangu akaupata. "Kama huwezi kuipiga, unailisha ya nini? Na kama unaweza, sitaki ukae hapa kwangu."

Nilimwambia kwamba nikimwondoa wangu, ng'ambo wataendelea kuwa na wao. Nitakuwa uchi mbele yao.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo ni kweli. Sitakudanganya." Hakuongeza neno la kunifariji, na nilikuwa nimelingoja.

Jumamosi hiyo nilimtoa beberu mchana, nikamchinja kwa kisu juu ya mpaka, mahali ambapo ukuta umebomoka na kila mtu anaweza kuona. Beberu aliyechinjwa na kuliwa hawezi tena kuwa wa kiapo. Wambui alilia sana na hakutaka kunitazama. Nilichoma nyama palepale, nikachukua paja zima, nikalipeleka ng'ambo mwenyewe. Binamu yangu alikuwa amesimama mlangoni tangu moshi ulipoanza. Alilitazama paja, akanitazama mimi, akalipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, akaingia ndani na kufunga mlango. Nyuma ya nyumba beberu mwekundu alikuwa akisugua pembe zake kwenye mti.

Jumapili nilimpelekea Mwalimu kipande laini cha ini, kwa kuwa meno yalikuwa yamemwisha. Nilimkatia vipande vidogo, nikamwekea sahani mapajani. Alitafuna muda mrefu kabla ya kuuliza.

"Na ya ng'ambo?"

"Bado iko. Nimeisikia asubuhi nikikuja."

"Unaogopa?"

"Naogopa, Mwalimu. Sikulala."

Aliitikia kwa kichwa polepole, macho yake meupe yameelekea mlangoni, upande ambao ndege hutokea.

"Basi sasa tuko wawili wa kuogopa," akasema. Kisha akaninyooshea sahani, akaniambia ini halina chumvi.